Bei ya Siku Moja ya Tekio

Odilón Yescas ni mwoka mikate, na tangu nimjue hajamdhulumu mtu hata kipande. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema vibaya.

Mwaka juzi mkutano wa kijiji ulimchagua awe mtunza hazina wa San Isauro. Huku kwetu milimani Oaxaca cheo hicho hakina mshahara na hakikataliwi. Akazima tanuri mwaka mzima, mkewe akawa anauza kuku mmoja mmoja ili wapate kula.

Ndipo wakaja wale wageni wa ng'ambo, wa ushirikiano wa fedha za serikali za mitaa, wakiongozana na watu wa jimbo na wa manispaa. Wakatuahidi mabomba ya maji: wageni watatoa fungu lao, jimbo lake, manispaa lake, na sisi letu. Wakakaa siku tatu hotelini mjini wakijadili namna serikali ya juu na ya chini zitakavyoshirikiana. Wa chini kabisa ni sisi, na hatukuitwa.

Wao wakijadili, sisi tulikuwa tunachimba mtaro. Kilomita nne za mwamba, kwa tekio, msaragambo wetu: kila nyumba inatoa mtu, halipwi wala haandikwi, na kumuuliza mtu tekio lake ni la peso ngapi ni kumtukana. Mume wangu Gaudencio alichimba siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, jiwe likamporomokea. Tukamzika, na kesho yake watu wakarudi mtaroni.

Fomu ilipomfikia Odilón, palikuwa na mahali pa kujaza mchango wa jamii. Akaandika: hakuna. Mtu mzima na akili zake! Kwake mchango ni pesa, na pesa hatukuwa nazo. Kulitaja tekio angeona haya. Jibu likarudi kwamba San Isauro haijachangia chochote, mabomba yatapelekwa kwingine. Na mhandisi mmoja wa jimbo aliuruka mtaro huohuo kwa miguu yake akienda kupigwa picha. Aliuona, akanyamaza. Huyo ningemkaba koo.

Odilón akateremka mjini kuomba radhi. Binti mmoja wa ofisini akamwonea huruma, akamwambia imebaki wiki moja ya kurekebisha fomu: aorodheshe siku za kila mchimbaji, peso mia mbili kwa siku, na kila mmoja atie sahihi, au mrithi wake.

Kwangu alikuja mwisho. Alisimama mlangoni kofia mkononi, hathubutu kunitazama.

"Shemeji, nimekuja na ile karatasi."

"Umempangia bei rafiki yako, Odilón?"

"Nimempangia. Nitukane utakavyo, lakini bila sahihi yako karatasi haikamiliki, na maji hayaji."

Nikamtukana kweli, yeye na fomu yake na wageni wake, mpaka majirani wakatoka nje. Nilipochoka nikachukua kalamu, nikausoma mstari wa mume wangu.

"Mbona siku kumi na moja? Ya kumi na mbili iko wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hawaihesabu, shemeji. Wanataka siku kamili, na yeye hakufika jioni."

Nikatia sahihi.