Somo la Nani Hayupo

Nikiwa mdogo mama alinichukua kwenda mnadani Dongobesh. Nasema mnadani, lakini hasa tulikwenda dukani, kununua kitambaa; mnadani tulipita tu kwa sababu baba alitaka tumwangalizie bei ya dume, na bei yenyewe tukasahau kuiuliza. Mwenye duka alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mpole, mwenye kofia. Akamwuliza mama, "Una watoto wangapi, mama, nijue nikate kiasi gani?"

"Wapo," mama akasema.

"Wangapi?"

"Wapo, Mungu anasaidia."

Yule mzee hakubishana. Akasema, "Basi nionyeshe." Mama akapima hewani kwa mkono: mmoja anafika hapa, mwingine hapa, huyu bado anabebwa. Mwenye duka akawa anafuata ule mkono kwa macho huku anakata. Kitambaa kilitosha. Kipande kilichobaki mama alifungia chumvi.

Kwetu Maretadu watu na ng'ombe hawakutajwa kwa namba. Ukiwataja umewaweka wazi, na kilichowekwa wazi hupungua. Sisemi ni kweli. Nasema ndivyo tulivyokaa.

Duka hilo nilikuwa nimelisahau mpaka alipokuja kukaa kwangu kijana mmoja wa kujifunza ualimu. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Hanang, kwenye kijiji kilichopakana na shamba la ngano la serikali. Nilikuwa kibarua wa magunia. Shule niliishia darasa la pili, lakini waliniweka kwenye kamati ya shule kwa sababu nyumba yangu ilikuwa karibu na nilikuwa na viti.

Serikali ilitaka kila mtoto asome, na walimu hawakutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa shule za vijijini: asubuhi wanafundisha, mchana wanafundishwa wao. Mwisho anakuja mkaguzi, anakaa nyuma ya darasa, anaamua. Huyu wangu alipewa hesabu za darasa la kwanza. Alitoka Katesh, alikokaa na mama yake kwa mjomba mwenye duka, na hakulipenda duka. Aliniambia siku ya kwanza kabla hata ya kufungua kisanduku chake: "Mzee, mkaguzi akinikataa, narudi kupima sukari mpaka nizeeke."

Mwanzo alikuwa mwalimu mbaya. Aliongea na ubao. Akiuliza swali alijibu mwenyewe kabla watoto hawajavuta pumzi. Alileta mahindi ya kuhesabia, watoto wakayatafuna. Siku moja akaona atumie kitu wanachokijua, akawauliza mmoja mmoja: kwenu mna ng'ombe wangapi? Watoto wote wakaangalia miguu yao. Akawachapa kwa ukaidi.

Jioni mke wangu akampa uji na kumwambia, "Mwalimu, ng'ombe hawahesabiwi."

"Sasa mama, mmoja akipotea mnajuaje?"

"Tunamwona hayupo."

Akacheka sana. Mke wangu hakucheka. "Wewe ulivyokuja hapa bila mswaki, mama yako alihesabu nini ndipo akajua umeusahau?"

Ilikuwa kweli, mswaki wake uliletwa na gari la maziwa siku ya tatu. Nikikumbuka gari lile nakumbuka pia dereva wake, aliyekuwa akiwapigia honi mbuzi lakini watu hakuwapigia, ila tuyaache hayo.

Kijana akaanza kutufundisha sisi kwanza, mimi na mke wangu, kabla ya chakula. Akapanga mezani kijiko, kikombe, gunzi, kibiriti. "Fumbeni macho." Anaondoa kimoja. "Fumbueni. Nani hayupo?" Tukishasema hayupo nani, ndipo anauliza wamebaki wangapi. Nilijua kutoa kabla sijajua kwamba kunaitwa kutoa. Kesho yake aliupeleka mchezo huo darasani, na watoto wakawa wanamngoja mlangoni. Akajifunza kuuliza na kunyamaza. Hilo la kunyamaza lilimchukua muda kuliko yote, maana alikuwa mtoto wa duka. Hesabu zake zikawa za maharage, vigoda na vibiriti. Watu na ng'ombe hakuwagusa tena.

Mkaguzi alikuja wakati wa mavuno, mashine za ngano zikinguruma mpaka ndani ya darasa. Mimi nilikuwa nimembebea kiti, nikabaki nyuma. Somo lilikwenda vizuri. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasimama.

"Vizuri. Ila hesabu haibaki mezani, lazima ifike nyumbani." Akamwelekea binti mmoja wa mbele, mtoto wa jirani yangu. "Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Binti akaangalia miguu yake.

"Mwalimu, mtoto wako hajui?"

"Anajua, mzee."

"Basi aseme."

Kijana akaangalia ubao kidogo. Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya binti, akamwambia kwa sauti ndogo, "Sema tu, mama." Na kwa kuwa alimwamini, akasema. Namba aliyoitaja siiandiki hapa.

"Safi sana," mkaguzi akasema. Akampa kijana mkono mbele ya darasa. "Wewe sasa ni mwalimu."

Kesho yake binti hakuja. Siku iliyofuata hakuja. Kijana alianzisha mchezo wake wa mezani, na alipouliza nani hayupo, watoto hawakuangalia meza, waliangalia nafasi ya binti. Alinieleza hivyo mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda kwa baba yake. Ningependa kusema ng'ombe alikuwa amekufa, hadithi ingenoga, lakini hakufa hata ndama. Kijana akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Tukapewa maziwa, tukanywa.

"Baba, mtoto haonekani shuleni."

"Ana kazi hapa nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zimalizike." Akamwongezea maziwa. "Kunywa, mwalimu."

Hapakuwa na ugomvi. Binti alikuwa zizini, akageuka kutuangalia, akaendelea na samadi.

Tulirudi kwa njia ya matrekta, ngano pande zote mbili, nusu imekatwa. Mimi nilikuwa naeleza habari za jembe langu lililovunjika. Tulipofika kwenye kichochoro cha kwangu nikakata kushoto, yeye akanyoosha. Nilidhani anakwenda kujisaidia kwenye ngano. Nikasimama kumngoja. Alikuwa na chaki mfuko wa shati, na alitembea kwa mwendo wa kawaida tu, mpaka trekta likapita kati yetu na vumbi lake. Kisanduku chake kiko kwangu mpaka leo. Mswaki pia.