Dumu la Maji Langoni

Sekondari yangu ya kwanza, pale Ipagala, ilikuwa shule ya binafsi kwa jina tu. Madarasa manane, choo kimoja cha kugombania, na uwanja wa vumbi usio na jani hata la kusingizia. Upepo wa Agosti ukianza, kipa haoni mpira wala anayeupiga. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: kabla ya mechi, kipa mwenyewe hubeba dumu la maji kutoka bombani akamwagilia lango lake. Hasaidiwi na mtu. Kipa nilikuwa mimi, na nilijiona mkubwa kweli nikikatiza uwanja na dumu langu begani.

Nikiwa kidato cha pili, ligi ya shule za binafsi ilitukutanisha na ile shule tajiri ya upande wa pili wa mji, yenye basi lake na nyasi zinazomwagiliwa kila jioni. Walinishambulia mchana kutwa. Tukatoka suluhu. Wiki mbili baadaye mwalimu wao wa michezo alikuwa sebuleni kwetu, akimweleza mama kwamba nitasoma bure mpaka nimalize. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilianza kufunga begi kabla mgeni hajamaliza chai. Kiherehere changu cha siku zote.

Kule nikakuta makipa watatu. Nikapewa glovu mpya na nafasi ya nne. Miezi ikapita nikidaka mipira ya mazoezi tu na kula peke yangu, maana wenzangu walikuwa wamezoeana tangu kidato cha kwanza. Mwishowe nilijikaza nikamuuliza mwalimu nitacheza lini. Hakukasirika.

"Wewe ukiwa hapa, kule hupo," alisema. "Kwa sasa hiyo inatosha."

Nilikuwa nimechukuliwa ili nisicheze. Niliumia sana, na sikuwa na wa kumwambia. Mama angeanza kuwaza ada.

Agosti ilipofika tukaenda Ipagala kucheza na wenzangu wa zamani. Kwa kuwa hawakupata kipa mwingine, langoni walimweka beki wao wa kushoto, kijana mfupi aliyeogopa mipira ya juu. Niliposhuka kwenye basi nililiona dumu letu pale bombani, na miguu ikanipeleka yenyewe. Nikalijaza, nikalibeba, nikaanza kumwaga. Nilikuwa nimefika katikati ya lango nilipoona watu wote wananitazama. Nimevaa jezi ya wageni, nawatengenezea wapinzani lango. Wenzangu wapya wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nahodha wa Ipagala, ambaye tulikaa dawati moja miaka miwili, alikuja taratibu. Nilidhani atanisalimia. Akanipokea dumu mkononi.

"Lango hili lina kipa wake," alisema, akamkabidhi yule beki.

Beki akamalizia kumwaga. Tulimfunga mabao tisa. Kila bao benchi letu lilisimama kushangilia, nami nikasimama nao, kwani ningefanyaje.

Jioni, kabla hatujapanda basi, mwalimu alituagiza tufute viatu tusije tukachafua mazulia. Wenzangu walikung'uta vumbi wakaingia. Nikabaki chini peke yangu na kijiti, nakwangua tope. Ni mimi tu niliyekuwa nalo, na sikuwa nimecheza.