Dada na Simu Isiyokuwepo

Simu ikitikisika juu ya meza ya mbao hutoa mngurumo mfupi, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Niwaambie ukweli, mpaka leo nikiusikia mwili hunisisimka.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipotutoa kwetu Tumbi, akatupeleka kwa bibi, kijijini Kurui, mimi na dada yangu Mwajuma, aliyekuwa kidato cha tatu. Dada alikuwa hali chakula, halali usiku, simu haimtoki mkononi. Mama aliifungia kabatini, akatupakia basi. Mimi nilidhani tumekwenda kula mafenesi tu.

Siku ya tatu, mchana, tulikuwa barazani tukimenya mihogo. Dada akaweka kisu chini. Kidole gumba chake kikaanza kupanda na kushuka juu ya kiganja kitupu, taratibu.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

Sikuwa nimesikia kitu zaidi ya kuku. Lakini macho yake yalinitisha, nikajibu, "Ndiyo, dada."

Akainuka, akaingia shambani. Nilimfuata. Alikwenda moja kwa moja katikati ya mihogo, kichwa amekiinamishia kiganja, midomo ikitamka bila sauti, kana kwamba pale mkononi kweli palikuwa na maandishi. Mbele yake kulikuwa na kisima cha zamani, kisichofunikwa, ambacho bibi alitukataza kukisogelea. Nilipiga yowe. Hakugeuka. Nikamrukia miguuni, tukaanguka wote. Udongo wa ukingoni ukaporomoka, na ilichukua muda kabla hatujausikia ukitumbukia majini.

Bibi alifika akihema, dada akamwuliza kama naye anaisikia simu ikitikisika. Nilitarajia atataja mashetani. Badala yake alikaa chini, akakifumbata kile kidole cha dada.

"Mimi siisikii, mjukuu wangu," alisema. "Lakini nitakaa na wewe mpaka inyamaze."

Tulikaa hapo hadi alasiri. Kidole kilirukaruka mkononi mwa bibi, kisha kikatulia. Kesho yake kilianza tena, naye akakaa tena. Ilikwenda hivyo wiki kadhaa.

Mwaka jana tu, dada akiwa tayari mama wa watoto wawili, ndipo aliponieleza. Wanafunzi wenzake walimfungulia kundi la simuni la kumsimanga, na kila mtikisiko ulileta tusi jipya.

"Uliposema umesikia," aliniambia, "nilijua na wewe umeyasoma yale matusi. Nikaona aibu, nikaondoka."

Miaka yote hiyo niliamini dada aliipenda simu kupita kiasi. Kumbe aliiogopa, ila aliogopa zaidi kutojua wanasema nini. Na mimi nililala ubavuni pake kila usiku, nisijue kwamba anaogopa.