Mjukuu Aliyekuja na Faili

Kila Julai wanafunzi wa ustawi wa jamii wanaporipoti ofisini kwake Manzese, barua za chuo mkono huu na simu mkono ule, Munira huwaonea wivu. Wanauliza choo kiko wapi, wanauliza saa ya kutoka, wananong'onezana nani atamwandikia nani ripoti, naye anakaa nyuma ya meza akitabasamu peke yake. Wao hudhani wamepata mama mwenye roho nzuri. Wala! Roho yake wakati huo haipo hata Manzese. Iko Vingunguti, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, alipokuwa yeye mwanafunzi wa fildi, na viatu vyake ndio kwanza vinaanza kuchakaa.

Ah, Vingunguti ile! Upepo ukitoka machinjioni, dirisha la ofisi ya kata linafungwa. Ukigeuka, linafunguliwa, na kazi inaendelea kama kawaida. Msimamizi wake alikuwa Demetria, mama wa Bukoba mwenye kifua cha kuongoza kwaya na ulimi usiojua kubembeleza. Alikuwa na chupa yake ya chai ya tangawizi ambayo hakummiminia mwanafunzi mpaka wiki ya pili, akishajua kama huyu ni wa kukaa au wa kutoroka. Munira alimwogopa kuliko alivyomwogopa mama yake mzazi. Leo angetoa chochote asikie tena sauti ile ikimwita, "Wewe wa Temeke, njoo hapa!"

Siku ya nne alipewa faili lake la kwanza. Mtoto Maisa, miaka tisa, darasa la tatu, hajaonekana shuleni miezi miwili. Mama yake amefariki, baba hajulikani aliko, analelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Mwanaasha, ambaye macho yamezimika.

"Nenda ukae, usikilize, urudi uniambie," Demetria alisema. "Na usiahidi kitu. Mwanafunzi hana cha kuahidi."

Mjumbe wa mtaa alimfikisha mlangoni, akageuka kwenda kwenye shughuli zake. Munira akapiga hodi, akavua viatu, akaingia. Bi Mwanaasha alikuwa amekaa mkekani, khanga kichwani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sauti si ya hapa mtaani hiyo. Mtoto wa nani wewe?"

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mtu wa bara akiulizwa hivyo angetaja ofisi iliyomtuma, akafungua faili, akaanza maswali. Munira ni wa Pwani. Ukimuuliza mtoto wa nani, anakujibu ni mtoto wa nani.

"Wa Marijani, wa Temeke. Bibi yangu mzaa baba ni Bi Tabu binti Khalfani, asili yao Gezaulole."

Bibi aligeuza uso. "Tabu? Tabu mwembamba, mcheshi, mwenye mwanya?"

"Huyo huyo, bibi."

"Yarabi! Mie na Tabu tuliwekwa ndani pamoja tulipovunja ungo. Tumechezwa ngoma moja, tumetolewa siku moja. Njoo hapa nikushike." Akampapasa paji, pua, kidevu. Alipofika mdomoni akacheka. "Hata mwanya kakuachia! We mjukuu wangu, bwana. Maisa! Mletee dadaako muhogo."

Muhogo ukaliwa, chai ikanywewa, faili likiwa limelala mkekani bila kufunguliwa. Munira alipoaga, bibi alimshika mkono na hakuuachia.

"Mjukuu wangu, niambie kweli. Wamekutuma uje unichukulie Maisa?"

Jibu alikuwa nalo, alifundishwa darasani: mie siamui, kuna kikao kitakachoamua. Lakini utamwambiaje hivyo mtu aliyewekwa ndani pamoja na bibi yako, aliyekupapasa uso?

"Bibi, mie nipo," alisema. "Maisa haondoki."

Baada ya hapo zikaja wiki tatu ambazo mpaka leo Munira akizikumbuka hutafuta pa kukaa. Alikwenda kila Jumanne na Alhamisi. Maisa alimfundisha kuwasha jiko la mkaa kwa mfuko wa plastiki, naye akamfundisha Maisa kugawanya kwa njia ndefu. Na bibi alisimulia. Bi Tabu alifariki Munira akiwa darasa la pili, akabaki kwake jina na picha moja iliyopauka. Sasa akarudishiwa mtu mzima mzima: Tabu aliyeiba sukari ya somo wao wa unyago, Tabu aliyecheka mbele ya wazee hata akaadhibiwa, Tabu aliyelia siku tatu alipoposwa. Hakuna aliyewahi kumpa zawadi kama ile.

Alhamisi moja alimkuta Maisa amefunga kitambaa mkononi. Chini yake ngozi ilikuwa imebabuka kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Uji," Maisa alisema. "Bibi asijue sana. Atalia."

"Unataka kurudi shule, Maisa?"

"Nataka. Ila nani atampeleka bibi chooni?"

Munira alinunua dawa, akamfunga vizuri. Usiku wake akaandika ripoti: mtoto ni msafi, anapendwa, anasaidia kazi ndogondogo. Mkono hakuuandika. Alijua kabisa anachofanya.

Wiki iliyofuata Demetria alisema anataka kuiona nyumba hiyo nzuri kwa macho yake. Aliingia, akasalimu, akasikia kwa bibi kwamba mjukuu ameahidi Maisa haondoki, kisha akakunjua kile kitambaa cha Maisa taratibu. Maisa akamnong'oneza kuwa ni uji. La kwake Demetria akalisema njiani.

"Kwenye ripoti yako sikusoma uji."

Demetria akasimama, akamgeukia.

"Nyie watu wa Pwani mkishaulizana babu, kazi imekwisha! Umelinda nini pale? Mtoto, au ahadi yako?"

Munira akalia palepale, watu wakipita na ndoo za utumbo. Demetria alimwacha alie, halafu akampa leso.

Kikao kilikaa. Kaka wa marehemu mama yake Maisa, Badru, fundi wa kuchomelea kule Kibamba, alikubali kumchukua mtoto na kumpeleka shule. Alimtaka bibi pia, bibi akakataa katakata: hahami nyumba yake akafie kwa mkaza mwana. Zaidi ya kumpangia jirani wa kumpikia, ofisi haikuwa na la kufanya.

"Nani atakwenda kumwambia?" Munira aliuliza.

"Aliyeahidi," Demetria akajibu.

Alikwenda. Alisema yote, na la mkono aliloficha akalisema. Bibi alisikiliza uso ukutani, kama siku ile ya kwanza. Badru alikuja na begi la shule jipya. Maisa alimbusu bibi mkono, akatoka akirudi kinyumenyume, na Munira akasimama mlangoni mpaka hatua zao zikapotea. Hakuweza kuondoka, na hakujua abaki kama nani.

"Keshakwenda?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

Bibi akageuza uso kutoka ukutani.

"Basi mjukuu aliyebaki ni wewe. Pipa halina maji."

Munira akachukua ndoo. Fildi ikaisha, akahitimu, akaajiriwa Manzese, na kila Ijumaa akawa anakwenda Vingunguti kujaza pipa. Bibi alimtuma, alimfokea, alimsimulia ya Tabu mpaka yakaanza kujirudia. Neno la kumsamehe hakulitamka, na Munira hakuthubutu kuliomba.

Miaka sita baada ya fildi ile bibi alifariki. Siku ya maziko wanawake walijaa chumba, na mmoja wao, mgeni kutoka Gezaulole, akauliza yule anayelia vile pale pembeni ni nani. Wageni wenzake hawakumjua. Maisa, sasa binti wa kidato cha pili, ndiye aliyemjibu.

"Dadaangu," alisema. "Ndiye aliyebaki na bibi."