Karibu Niliyoiacha Japani

Enzi zetu pale kijijini Likunja, mtoto hakuulizwa amekula kwa nani. Wa rika langu mtakumbuka. Tulitoka shule jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope, tukapitia kwanza kwenye mikorosho kufyonza mabibo hadi mashati yakaingia madoa yasiyotoka, kisha mpira wa chandimu, kisha njaa. Nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya Bi Somoe, jirani yetu. Akituona tu, tonge bado liko shavuni, alipaza sauti: "Njooni mnawe!" Palikuwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, au ugali wa muhogo na kisamvu. Hata aliyeshiba alinawa, akamega tonge moja la heshima. Mama naye alikuwa hachoki kutuambia: "Mtu akipita, mwite kwanza, ndipo utie mkono."

Adabu hiyo niliibeba mpaka Japani, nilikopelekwa na kazi kwa mafunzo ya kilimo cha ufuta. Jirani na chuo palikuwa na mgahawa mdogo wa mtindo wa Kizungu, vitambaa vyeupe mezani, na chakula cha mchana cha bei ya kumfaa mwanafunzi: supu, mkate, kipande cha kuku, majani mabichi, na kahawa juu yake. Siku ya kwanza niliketi peke yangu. Meza ya jirani alikaa mzee, chakula chake hakijafika. Sasa ningekulaje mbele yake? Nikamsogezea sahani yangu, nikanyoosha mkono: karibu, mzee wangu.

Mzee aliduwaa, akainamisha kichwa, akamwita mhudumu. Mhudumu akadhani chakula kina kasoro. Akaondoa sahani, akarudi na mpishi, wote wawili wakaniinamia kuniomba radhi. Mgahawa mzima ulinitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo nikajifunza kula kama wao, macho kwenye sahani, nikajiona nimestaarabika.

Majuzi nimetoka Nachingwea, ninakoishi sasa, nikaenda Likunja kumwona mama. Tulitandika mkeka barazani. Mama akaingia ndani kufuata chumvi, mimi nikaanza kula. Bi Somoe akapita na jembe begani, mgongo umepinda. Akapunguza mwendo.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Akasimama kidogo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, nikawaona yule mhudumu na mpishi wake wakiniinamia, nikalimeza. Nikainamia sahani. Akaendelea na safari yake.

Mama akatoka. "Nani huyo?"

"Bi Somoe."

"Umemwita?"

Nikaendelea kuitazama sahani. Mama aliweka chumvi chini, akakimbilia njiani na miguu yake mibovu. "Somoe! Rudi unawe!"

Bi Somoe aligeuka, akapunga mkono. "Mwache ale, mama. Mwanetu katoka mbali."

Mama alirudi, akakaa, akanisogezea chumvi. Heri angenigombeza.

Huwa nawacheka vijana wa siku hizi, wanaokula kidole kiko kwenye simu, mtu apite asipite hawana habari. Enzi zetu tulikuwa na njaa kuliko wao, na hakuna aliyepita mlangoni kwa Bi Somoe bila kunawa. Sasa sina mdomo wa kuwacheka. Wao hawamwoni anayepita. Mimi nilimwona.