Kitangi cha Mama

Baba yangu ni dobi, na dobi hamwachii mtu mwingine chombo chenye mvuke. Mama alipopewa hospitalini mashine ya kupumulia, ile ya watu ambao pumzi zao hukatika usingizini, Baba hakuuliza inawashwaje. Aliuliza maji yanakaa wapi.

Akaonyeshwa kitangi cha plastiki kinachotia hewa unyevu isije ikakausha koo. Tangu siku hiyo kikawa chake. Kila asubuhi alimwaga maji ya jana, hata kama yalibaki nusu, akakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akakisuuza mara tatu na kukianika kivulini juu ya kitambaa cheupe. Jumamosi alikiloweka kwenye maji yenye siki, chokaa isipate pa kukaa. Sisi watoto marufuku kukigusa. Nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, lakini kwa kitangi kile mimi bado ni mtoto mwenye mikono michafu.

Na Mama alinawiri. Ni mwalimu, kabla ya mashine alikuwa anasinzia mbele ya wanafunzi, chaki mkononi. Daktari alishamwonya waziwazi kwamba moyo wake unachoka, na asipovaa barakoa ya mashine ile kila usiku utamshinda. Akaivaa miezi miwili, ukali wake wa darasani ukarudi wote.

Kisha akaanza kukohoa. Koo linawasha, kichwa kinauma. Akaivua barakoa, akasema mashine imemkataa na likizo ikiisha anairudisha hospitalini. Tulimbembeleza wee. Mama akishasema, amesema. Ajabu ni Baba, mtu ambaye ana la kusema hata kuhusu vifungo vya shati la asiyemjua: alinyamaza kimya.

Jumatano moja mimi na Mama tulipita dukani kwa Baba tukakuta harufu ya kuungua. Baba amesinzia wima, mkono juu ya pasi, na pasi juu ya shati jeupe la mteja. Miaka thelathini na moja hajawahi kuunguza hata leso.

Mama alichomoa waya, akamkalisha kwenye stuli, akamuuliza anaumwa nini.

"Silali," Baba akasema. "Tangu uache mashine nakesha nasikiliza pumzi zako. Ukikaa kimya sana, nakugusa bega."

Hapo akatoa yote. Mashati ya wateja huyanyunyizia maji yenye tone la marashi kabla ya kuyapiga pasi, na ndiyo sifa yake mtaani. Akaona haiwezekani watu baki wanukie vizuri, mke wake alale na maji matupu. Akatia tone moja kwenye kitangi, siku ya pili mawili. Alipogundua kwamba ndiyo yanayomkohoza, aliacha, akakisugua mpaka vidole vikauma, lakini harufu ilikuwa imeng'ang'ania plastiki. Kusema aliona aibu.

Nilikasirika, sitaficha. Nilishafungua mdomo nimpashe, Mama akaninyamazisha kwa jicho.

"Siku ngapi hujalala?" akamuuliza.

"Leo ya tisa."

Mama hakumgombeza. Alimfutia jasho kwa upande wa khanga yake, na mimi hasira zikaniishia palepale, nikabaki nampenda tu huyu mzee na ujinga wake.

Tukaenda hospitalini alasiri ileile kuomba kitangi kipya. Muuguzi akaeleza kwamba humo ndani hayaingii ila maji safi yasiyo na chumvi wala chokaa. Baba akaitikia kila neno.

Jioni Mama alimkabidhi kitangi yeye mwenyewe. Baba akakijaza mpaka kwenye mstari, akakinusa mara mbili, akakirudisha ndani ya mashine. Mama akavaa barakoa. Kabla hajamaliza kukaza mikanda, Baba alikuwa ameshalala upande wa pili wa kitanda, viatu miguuni.