Mkwe Asiyekula Samaki

Mume wangu akiamua jambo la ziwa, usibishane naye. Amezaliwa Fizi, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, na mpaka leo ukimwambia Nakivale, hapa Uganda tulikokimbilia, ni ziwa anacheka: "Hii ziwa? Hii ni bakuli." Lakini wageni wetu walipokuja kutoka Mbarara, ni bakuli hilohilo alilotaka kuwaonyesha. Aliazima mtumbwi, akasimamisha mti katikati, akafunga turubai kuukuu liwe tanga, halafu akatangaza kwamba tutaambaa na ukingo mpaka kwenye kipande kimoja cha mchanga anachokijua yeye, tukachome samaki hukohuko.

Wageni walikuwa wawili: kijana aliyetaka kumuoa binti yetu, na mama yake. Baba wa kijana ni mwanajeshi. Huyo alishasema ndiyo kwa simu, kwa sentensi moja, kama anatoa amri. Aliyenyamaza ni mama. Wana nyumba Kakiika, hukohuko Mbarara, na ng'ombe nyuma ya nyumba, na alitaka kwanza aone sisi wakimbizi ni watu wa namna gani kabla hajampokea msichana wetu. Kijana mwenyewe alitueleza waziwazi, maskini, jasho likimtoka. Binti yangu alimpenda yule kijana kabisa, na mimi nilitaka ampate. Kwa hiyo wengine walikwenda kutembea. Mimi nilikwenda kwenye mtihani.

Mama yule aliingia mtumbwini na gauni lake la gomesi, la kijani, akakaa katikati, akashika mbao za pande zote mbili. Akauliza kama humu kuna viboko.

"Biko mingi," mume wangu akajibu, "lakini saa hii bimelala."

"Na wakiamka?"

"Tutabasalimia."

Nilimfinya mguuni. Mwanaume huyu, hata kwenye kilio atatania. Lakini upepo ukaingia kwenye turubai, mtumbwi ukakimbia, mafunjo yakabaki nyuma, na nikaona mama wa watu amefumba macho, halafu amefumbua moja, halafu anatabasamu bila kutaka. Nikapumua kidogo.

Pale mchangani kazi ilinoga. Kijana aliokota kuni, mume wangu akawasha moto. Binti yangu alipasua tilapia wale, akawachanja mbavuni, akawapaka chumvi, ndimu na pilipili, akawalaza juu ya waya. Kulikuwa pia na kambale mmoja mrefu kama mkono wangu. Mimi nilisonga bugali wa muhogo. Sombe, yale majani ya muhogo, nilikuwa nimepika nyumbani kwa mawese, na kwa bahati tu siku hiyo sikutia ndagala, yaani dagaa. Mafuta ya samaki yalidondoka kwenye makaa, moshi ukapanda, na ninyi mnaojua harufu ile sina haja ya kuwaeleza. Mate yalinijaa mdomoni kama mtoto.

Mume wangu akachagua tilapia mkubwa kuliko wote, mzima na kichwa chake, akampelekea mgeni kwa mikono miwili. "Mukwe, upime kidogo."

Mama yule akamtazama. Akaipokea sahani, akaipandisha, akaishusha, akafikiri. "Hii inaweza fika kilo moja na nusu," akasema. "Kwani munauza?"

Kijana aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Kwetu Kivu kupima ni kujaribu, ni kuonja. Kwao, waliojifunza Kiswahili kwenye kambi ya jeshi, kupima ni mizani na mawe yake. Tulipomweleza akacheka na yeye, kicheko kizito, kizuri, na nikajiambia mambo yamekwisha, arusi hiyo.

Halafu akairudisha sahani.

"Nyabo, musikasirike," akaniambia; nyabo ndiyo bibi kwa lugha yao. "Mimi samaki hapana kula. Sisi ni watu ya ng'ombe. Mama yangu alikuwa anasema, mutu amekula samaki asishike chombo ya maziwa."

Nilichukia, sitaficha. Si kumchukia yeye, kuchukia mambo yote: moto, ziwa, mume wangu na ubaharia wake. Kijana kwa nini hakusema? Nilimkazia macho, akatazama miguu yake. Nilimpakulia mama bugali na sombe, akala vizuri, hata akaongeza. Lakini sisi wengine tulikula samaki wetu kwa aibu, tukitema miiba polepole kama watu walio kanisani. Binti yangu hakumaliza hata kipande.

Mama akanawa mikono, akamwita. Tangu asubuhi binti yangu alikuwa anamwitikia "nyabo, nyabo," kwa adabu ya mtu wa kando.

"Wewe. Unapenda hii samaki sana?"

Angeweza kudanganya. Nilimwomba Mungu adanganye.

"Napenda sana," akasema. "Nimekomea juu yake, ndiyo imenikuza."

Mama akatingisha kichwa. "Kwa nyumba yangu samaki haiingii. Sufuria ya maziwa, hapana gusa na hiyo mikono. Sawa?" Akajipangusa mikono. "Lakini nyuma kule, kupita ndizi, kuna pahali. Utaweka jiko yako pale. Sufuria yako, sahani yako, kisu yako. Mimi sitaki kusikia harufu."

Mume wangu bado alikuwa anatafuna, hajaelewa. Kijana alielewa, akajifuta uso kwa fulana. Mimi nilielewa kabla yao wote: mtu hakugawii fasi ya jiko uani kwake kama hajakupokea. Nilitaka kupiga kigelegele. 

"Mama," binti yangu akauliza, "kule upepo unatokea upande gani?"

Nikainua kichwa nimjibu, kama nilivyomjibu maisha yake yote. Alikuwa anamtazama yule mama mwingine.